Glasi ya Tumbo Pana

"Nyigu, sumu imeshafika mezani. Hatujui iko wapi."

Sauti ilitoka kwenye kidude kidogo kama punje ya mtama, sikioni mwake. Nyigu hakupepesa jicho. Aliendelea kutabasamu, kama mpwa yeyote aliyealikwa chakula cha jioni kwa mjomba wake.

Mjomba mwenyewe alikuwa wa kubuni. Alikuwa Jaji, na kesho angesoma hukumu ya genge lililokuwa likiingiza silaha nchini. Genge lilitaka kesho isimkute.

Wageni wengine walikuwa wawili tu, marafiki wa Jaji tangu shule: Daktari wa Meno, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, na Mwagizaji wa mvinyo.

Mmoja wao alikuwa ameuza urafiki.

Daktari alinusa mvinyo mweupe. "Huu una ukali wa limau. Mkiunywa sana, mimi nitapata wateja."

"Wewe hata mvinyo unaupima kwa meno," Jaji akacheka.

Nyigu ndiye aliyemimina. Kutoka kila chupa alidondosha tone moja juu ya pete yake. Jiwe la pete lingegusa sumu, lingegeuka jeusi.

Lilibaki la buluu.

Mwagizaji akasimama. Akafungua chupa ya mvinyo mwekundu, mzito, kisha akatoa glasi moja kwenye kisanduku, akaiweka mbele ya Jaji.

"Huu hauingii glasi za kawaida. Mzee mwenzangu, nimekuletea yako, ya tumbo pana. Harufu ipate pa kutembea."

Akamimina humo, kisha kwenye glasi yake ya kawaida. Akanywa yake yote, macho amefumba. "Moshi kidogo. Na mti mkavu."

"Chupa vipi?" sikio likauliza.

Nyigu alidondosha tone la chupa ile juu ya pete, akaiangalia. Akakohoa mara moja: salama.

Jaji akainua glasi.

Chupa ilikuwa safi. Na glasi?

 Nyigu akaushika mkono wa Jaji.

"Samahani, mjomba. Mwenye mvinyo angetangulia kuonja kwenye glasi hii, atuambie tofauti."

Akaisogeza mbele ya Mwagizaji.

Daktari alicheka peke yake. Kisha akaacha.

"Mimi nimeshakunywa," Mwagizaji alisema.

"Tone moja tu."

Mwagizaji aliisukuma glasi kando. Mkono wake ukateleza ndani ya koti.

Ukaishia hapo. Bastola ya Nyigu, Beretta, ilikuwa chini ya kitambaa cha meza, mdomo wake umegusa goti la Mwagizaji.

"Mikono mezani. Taratibu."

"Tuingie?" sauti sikioni ikauliza.

"Ingieni. Mlango wa jikoni uko wazi."

Jaji alimgeukia rafiki yake. "Wewe ulinisimamia harusi."

"Makasha yao ya silaha yalipita ghalani kwangu," Mwagizaji alijibu, sauti imekauka. "Ungenifikia tu."

"Ningekufikia, ndiyo. Na kila Jumapili ningekuja gerezani kukuona."

Mwagizaji akainamisha kichwa. Wanaume wawili waliingia kimyakimya, wakamtoa bila hata kuangusha kijiko.

Nyigu aliumimina mvinyo wa glasi ile kwenye kichupa cha ushahidi, akaifunga glasi kwenye leso. Jaji alikuwa bado anakitazama kiti kitupu.

"Daktari," Nyigu alisema, "usimwache peke yake."

 Daktari alivuta kiti chake, akaketi bega kwa bega na Jaji.

Nyigu akafunga vifungo vya koti, akatoka, akaurudisha mlango polepole.