Munkoyo wa Kambo Chishimba

Kwa jina la Mola, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichwa vifuani, twaanza kisa hiki; na rehema zimfikie kila aliyefunza kweli kwa subira.

Wa kwanza katika kisa chetu ni Edith Nkandu, mwenye miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita huko Naviundu, mjini Lubumbashi. Wa pili ni Fils, mdogo wake wa miaka sita. Wa tatu ni bibi yao, Chishimba, ambaye kwa desturi ya mji huo wajukuu humwita Kambo. Kisha wapo Mwalimu Constantin, na Merdi, rafiki wa Edith, msichana mwenye ulimi mkali.

Kila alasiri Edith alichota maji kwenye bomba la mtaa. Ijumaa moja Kambo alimhimiza asichelewe, kwa kuwa kesho yake darasa lote lingekwenda matembezi msituni, naye aliahidi kuwatengenezea munkoyo, kinywaji kitamu cha mahindi na mizizi.

Njiani Edith alimkuta Merdi na wenzake wakicheza nzango, mchezo wa kurusha miguu kwa nyimbo na makofi. Akaingia mara moja, ikawa mara kumi. Jua lilipoinama, foleni ya bomba ilikuwa ndefu, nacho kijito kilikuwa karibu, nyuma ya nyumba. Akachota humo. Maji yalionekana maangavu, ila yalinuka kidogo kama yai viza.

"Ulichota ku robine?" Kambo aliuliza, yaani bombani.

"Ndiyo, Kambo."

Kambo aliyatumia usiku huo, harufu ya mizizi ikaifunika ya maji, naye Edith akajifariji moyoni: uji wa munkoyo huchemshwa muda mrefu, ni uchafu gani utakaosalia?

Jumamosi asubuhi wanafunzi walifuata kijito kuelekea juu, Kambo na Fils wakiwa nyuma na bidoni, yaani dumu, ya munkoyo. Hawajafika mbali kutoka pale alipochota Edith, uvundo uliwapokea. Nepi zilikuwa zimenasa kwenye matete, zimevimba kama mikate iliyolowa. Utumbo wa mbuzi uliburutwa na maji. Mzoga wa mbwa ulilala chali katikati ya mkondo, tumbo limepasuka, funza wakifurika ndani yake kama wali unaochemka. Ukingoni, choo kilitiririsha kinyesi moja kwa moja majini.

"Bantu ba kule chini banakunywa supu," alisema Merdi, akiziba pua. Wenzake wakacheka huku wakitema mate.

Edith hakucheka. Mate yalimjaa kinywani; akayatema, yakajaa tena. Akajiambia: kinywaji kilichemshwa.

Walifika kwenye miti mirefu ya msitu, ambako familia nyingi hupumzika siku za mapumziko. Palikuwa na kivuli, na upepo usionuka kitu. Watoto wakacheza mpira hadi koo zikakauka, ndipo Kambo akaanza kujaza vikombe.

"Kambo," Merdi akasema, kikombe mkononi, "ile munkoyo ya siku ya komunyo ya Edith, kule kanisani, ilipita ya mama yangu. Unafanyaka namna gani?"

Kambo akacheka. "Mama yako anapika mizizi. Miye naiponda, nailowesha mu maji mabichi, njo namwanga mu uji ikishapoa. Ukiitia ku moto, utamu inakufa."

Edith akarudia moyoni: Maji mabichi. Aliona vikombe vikipanda kuelekea midomoni, akaona pia kicheko kitakachomfuata shuleni mwaka mzima. Akasimama.

"Musikunywe. Maji ni ya kijito. Nilidanganya."

Merdi alitazama ndani ya kikombe chake, kisha akakimwaga taratibu. "Ulitaka tukunywe mbwa?" Mvulana mmoja, Guelor, ambaye hakuwa ameonja hata tone, aliinama kando akatapika.

Kambo hakumkemea Edith. Aliuliza tu, "Nani ameshaonja?"

Fils akainua kidole. Asubuhi alikuwa amekunywa kikombe kizima jikoni.

Munkoyo ulimwagwa shimoni ukafukiwa, na darasa likarudi nyumbani na kiu. Jioni Fils alianza kuhara na kutapika. Kwenye zahanati muuguzi aliuliza mtoto alikunywa maji ya wapi. Edith akajibu kabla ya mtu yeyote, akataja kijito, mbwa na choo, bila kuficha lolote. Kwa jibu hilo muuguzi alimhudumia Fils mara moja, akampa maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo, na baada ya siku mbili mtoto aliomba chakula.

Jumamosi iliyofuata, Mwalimu Constantin aliwaongoza wazazi wa wanafunzi: mbwa akazikwa, taka zikaopolewa, na mwenye choo akachimba shimo mbali na maji. Edith aliopoa nepi kwa reki, wala hakuomba kupumzika.

Walipokwisha kunawa kwa sabuni, Kambo alimketisha karibu naye. "Mutoto wangu, yule mbwa, pua ilinionya. Uongo wako haikunuka. Niliipokea kama maji ya robine, nikaipea bantu. Maji muchafu, moto inaweza kuisafisha. Neno muchafu, hakuna moto ya kuichemsha. Ni kuisema tu, mapema, mbele ya kikombe kufika ku kinywa."

Nasi twamwomba Mola Karima awape afya wote waishio kando ya kijito kile, wakubwa kwa wadogo, awatakase miili na ndimi, na kila mwenye kiu amjaalie mkono mwaminifu wa kumchotea. Amina.