Kibonyezo cha Mwisho Kushoto

Jua lilikuwa linazama walipoingia karakana ya fundi wa piano, na Mwalimu alikuwa ameshamchoka baba wa mwanafunzi wake. Njia nzima mtu yule alijisifu tu. Kinanda cha umeme, eti, ni sanduku la plastiki la watu wasio na hadhi. Binti yake atajifunzia piano yenyewe, ya mbao, ionekane sebuleni.

Ionekane! Mwalimu alibinya midomo. Mtoto wa miaka saba, hajui hata kidole gumba kinakaa wapi, na limbukeni huyu anamnunulia kabati.

"Cha umeme kinamtosha kuanzia," alisema kwa mara ya tatu.

"Mwalimu, wewe kagua tu."

Haya bwana.

Mtoto mwenyewe waliyemwita Chiriku, kwa maneno yasiyomwisha na kithembe chake, alikuwa ameshambana binti wa fundi. Unaitwa nani? Mbona hujibu? Unapenda paka? Binti yule alimkazia macho mdomoni.

"Wangu hasemi," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Zamani alisema... Huyu wenu anaongea hivi siku zote?"

"Hata usingizini!" baba alicheka.

Fundi hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwenye piano nyeusi ya pembeni, akaifunua.

Mwalimu alikuwa na utaratibu wake: hubonyeza vibonyezo vyote, kimoja kimoja, kutoka kulia kwenda kushoto. Vyote vikaitika vizuri. Akafika cha mwisho kushoto. Kikazama.

Kimya.

Halafu kitu cha uvuguvugu, chini yake, kikakisukuma kidole chake juu. Polepole... Akasikia harufu ya pumzi ya mtoto aliyetoka kuamka.

Alitoa mkono haraka. Kwa kazi yake, kibonyezo bubu kinatosha kabisa kufunga kifuniko na kusema twendeni. Wazazi wangapi amewaambia hivyo! Lakini alimgeukia baba, akamkuta anajitazama kwenye ile mbao inayong'aa, anaweka sawa kola ya shati. Moyo ukamjaa dharau. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwache apigwe.

"Mwanafunzi wa kuanza hafiki huko," alisema. "Chukua."

"Asante," fundi alinong'ona. Alikuwa anamtazama yeye, si baba.

Siku ya somo la kwanza, Mwalimu alisikia mlio tangu getini. Mmoja tu, mzito.

Ngooo...

Ngooo...

Chiriku alikuwa amekaa wima, mkono wa kushoto umenyooshwa mpaka mwisho wa piano.

"Unaona?" baba alisema, kifua mbele. "Hakuna aliyemfundisha! Na tangu jana ametulia, nyumba ina amani."

"Chiriku, mama, husalimii leo?" Mwalimu aliuliza.

Mtoto aligeuka. Akafungua mdomo. Akaufungua zaidi. Machozi yakamtiririka, sauti hakuna.

Mwalimu aliuondoa ule mkono mdogo, akabonyeza mwenyewe.

Kimya. Na ule uvuguvugu, ukimsukuma.

"Msiiguse!" alipiga kelele, na baba bado anatabasamu kama mtu anayepigwa picha. Alikimbia mpaka karakana, kiatu kimoja kikabaki njiani. Akagonga mlango kwa ngumi zote mbili. Binti wa fundi ndiye aliyefungua.

"Thikamoo Mwalimu! Mbona unahema? Kiatu kingine kiko wapi? Unapenda paka?"

Sauti ile ile. Kithembe kile kile.

Fundi alitokea nyuma ya binti yake, macho mekundu kwa kulia, mkono begani kwake.

"Mrudishie," Mwalimu alisema. "Nakuomba, kaka yangu. Mrudishie mtoto wa watu."

"Nilikuacha ukague," fundi alinong'ona. "Sikukuficha. Ulikigusa, ukajua, ukasema chukua."

Akafunga mlango taratibu. Ndani, sauti ya Chiriku iliendelea kuongea.