Bega Lililoogopa Kupona

"Inua tena, dada. Polepole."

Msusi aliinua mkono wa kulia. Kwenye kioo cha kompyuta mwili wake ulichorwa kwa mistari ya kijani, na mstari wa mkono ukapanda mpaka usawa wa kifua, ukagoma.

"Nimefika mwisho, mdogo wangu."

Mhandisi wa vifaa vya hospitali alikaza mkanda wenye kifaa cha kupima mwendo begani kwake. Wiki nzima alikuwa akikifungua na kukifunga kifaa hicho, akidhani kina kasoro. Pembeni, mume wa Msusi, fundi umeme, alikuwa akimfuta mkewe jasho.

"Pumzika, mke wangu. Nikakuletee maji."

Alipotoka tu, kilemba cha Msusi kikalegea. Bila kufikiri, akapeleka mikono yote miwili kisogoni, akakikaza. Mstari wa kijani ukaruka hadi juu ya kichwa.

Mhandisi akageuka kutoka kwenye kioo.

"Kumbe mashine yangu ni nzima," Mhandisi alisema. "Mwenye kasoro ni nani, dada?"

"Usimwambie mtu, tafadhali."

"Daktari anataka kulipasua bega hili Jumatatu kwa sababu halipandi. Uko tayari kupasuliwa bure?"

Msusi akainamisha kichwa.

"Kabla sijaanguka ngazini, mume wangu alikuwa ameshahamia kwa kaka yake. Siku niliyoteguka bega, akarudi. Ananivisha, ananichana. Mimi niliyesuka nusu ya mtaa, leo nachanwa nywele. Nikipona ataondoka tena."

Mhandisi akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Daktari nitamweleza mimi, ndiyo kazi yangu. Mumeo ni wako."

Msusi akachukua simu. Akaandika, akafuta, akaandika tena:

"Mkono wangu unainuka. Nimekuficha. Niliogopa utarudi kwa kaka yako."

Jibu halikuchelewa:

"Najua. Juzi nilikuta umeanika shuka kwenye kamba ya juu."

Mlango ukafunguliwa. Fundi umeme alisimama pale, chupa ya maji mkono mmoja, simu mkono wa pili.

"Ulijua, ukanyamaza?" Msusi aliuliza.

"Niliogopa ukipona utanifukuza, ila nisingekuacha upasuliwe. Mimi ndiye niliyeondoka. Nilitaka kurudi siku nyingi, bega lako likanipa sababu."

"Sababu ya nini? Si ulikuwa na ufunguo?"

"Ufunguo nilikuwa nao. Uso ndio sikuwa nao."

Msusi akacheka huku machozi yakimtoka.

"Wajinga wawili, nyumba moja."

"Haya, inua nikuone."

Akainua. Safari hii hakujizuia, na maumivu yalikuwepo kweli, akauma meno. Mstari ukapanda ukitetemeka, ukapita sikio, ukasita, kisha ukapanda tena. Mume akaweka chupa chini. Mhandisi naye akajifanya ana shughuli na nyaya zake.

Upasuaji ukafutwa. Mazoezi yakaendelea, na Msusi akarudi saluni, akianza na wateja wenye nywele fupi.

Jumapili moja kaka mtu akapiga simu.

"Begi lako bado liko huku, bwana. Chumba changu nakitaka."

"Tunalifuata leo jioni," fundi umeme alijibu, akimtazama mkewe aliyekuwa akivaa viatu. "Nakuja na shemeji yako. Anasema atalibeba yeye."