Aliyeitika Gondar

Sisi majirani wa Kebena, hapa Addis Ababa, tulimjua Getnet kama mtu asiye na woga. Kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti za maghorofa. Alining'inia kwenye mashimo marefu yenye giza huku akipiga mluzi, na jioni alirudi nyumbani anacheka. Mkewe Yeshimebet, ambaye wote tulimwita Yeshi, alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, na kelele za darasani zilikuwa zimemharibia koo. Sauti yake ilikwaruza kama bawaba yenye kutu. Hata sokoni, penye watu wengi namna gani, ungesikia mkwaruzo ule ukajua Yeshi yupo.

Mwaka ule mvua zilipokatika na milima ikageuka njano kwa maua, wakaamua kwenda kutembea. Tangu waoane hawakuwahi kusafiri pamoja ila kwenda misibani. Wangeanza Gondar, waone ngome za wafalme, kisha wateremke Bahir Dar wakazuru makanisa ya visiwani, ziwani Tana. Yeshi alishonesha gauni jeupe jipya kwa ajili ya safari hiyo, na akalionyesha kwa kila mwanamke wa mtaa wetu.

Gondar walishinda vizuri. Jua lilikuwa kali lakini hewa baridi. Walipanda ngazi za mawe, wakapigana picha, wakabishana nani kati yao aliyeanza kusikia njaa. Mwishowe Yeshi akatoka nje ya geti kutafuta kolo, ile shayiri ya kukaanga, na Getnet akabaki peke yake katika ukumbi mkubwa wa ngome. Akakohoa. Kikohozi kikamrudia kutoka ukutani. Akafurahi kama mtoto, akaweka viganja mdomoni.

"Yeshiii!"

"Abet!"

Ndivyo tunavyoitika kwetu tukiitwa. Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, na ilitoka ghorofa ya juu.

Getnet akapanda mbio akidhani mkewe amerudi kwa mlango mwingine. Juu hakukuwa na mtu. Kulikuwa na njiwa, vumbi, na dirisha moja lisilo na kioo. Akachungulia. Kule chini, nje ya geti, akamwona Yeshi amempa mgongo, anabishana na muuza kolo.

Alipomsimulia, Yeshi alicheka hadi kolo ikamwagika. "Umemwita mke wa mfalme, wewe! Sasa atakuja kudai kitanda chake."

Jioni walipokuwa wanatoka, mlinzi aliyeshika funguo akawasimamisha. "Kaka, mwambieni mwenzenu ashuke. Nafunga."

"Mwenzetu yupi?"

"Yule dada mliyekuja naye. Yule pale dirishani, mwenye gauni jeupe kama la mkeo."

Wakageuka wote wawili. Dirisha lilikuwa tupu. Mlinzi naye akatazama, akajikuna kichwa, kisha uso wake ukatulia. "Aa, basi. Kumbe ameshashuka. Huyo hapo nyuma yenu."

Walicheka njia nzima. Kesho yake, Bahir Dar, msichana aliyewapikia kahawa hotelini aliweka kikombe kimoja zaidi kwenye sinia, na Yeshi akamtania mumewe, "Mgeni wako huyo, Getiye, mkaribishe." Lakini usiku alimwomba mumewe walale mgongo kwa mgongo. Alisema kuna mtu anampulizia shingoni.

Asubuhi wakapanda boti kwenda kisiwa cha Abo. Mwendesha boti, kijana mnene aitwaye Ayalneh, alimsogeza Yeshi huku na huku ili boti isilale upande. "Dada wewe kaa katikati. Na wewe dada mwingine, kaa mbele." Mbele hakukuwa na mtu. Getnet akafungua mdomo amuulize, akaona uso wa mkewe, akaufunga.

Kanisa la Abo ni la mviringo, la udongo na miti. Ndani yake kuna ukuta wa pili uliochorwa watakatifu na mashetani, na kati ya kuta hizo mbili kuna ujia unaolizunguka kanisa lote. Wanaume huingia kwa mlango wa kushoto, wanawake kwa wa kulia. Wakavua viatu.

"Tukutane nyuma, kwenye picha ya Mtakatifu Giorgis," Yeshi akasema kwa sauti yake ya kukwaruza. "Usiende mbio. Leo nina mengi ya kuomba."

Getnet akatembea polepole. Ujia ulikuwa na kiza kidogo, na kwa sababu ya kupinda hakuona mbali. Alijua atamngoja sana, maana Yeshi akianza kusali hakumbuki kuna mtu duniani. Lakini alipofika kwa Giorgis na farasi wake mweupe, mkewe alikuwa ameshafika. Amesimama. Ameegemea ukuta, mikono nyuma.

"Umewahi," Getnet akasema.

"Wewe umechelewa."

"Na koo? Limepona?"

"Hewa ya ziwa," akasema. Akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi na vimelowa. "Twende."

Wakashika njia ya kuteremka, katikati ya mibuni. Mchana mtupu. Ndege walikuwa wakilia, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja.

"Getnet!"

Sauti ilitoka nyuma, upande wa kanisani. Ilikwaruza.

"Getiye, ningoje!"

Vidole vikambana. "Usigeuke," yule aliyemshika akanong'ona. "Mama yako hakukufundisha? Ukiitwa porini kwa nyuma, huitiki. Wala hugeuki."

Ilikuwa kweli. Mama yake alimfundisha hivyo angali mdogo, na mama wa kila mmoja wetu.

"Getnet! Huyo uliyemshika ni nani?"

Alitaka kusimama. Alisema baadaye kwamba alitaka, Mungu ni shahidi. Miguu haikusimama. Ile sauti ikalia. Ililia kama mtu anayekimbia na hafiki. Kisha ikakatika.

Bandarini Ayalneh aliwatazama, akatazama njia waliyotoka. "Mmoja amebaki?"

"Huyo ni wa huku huku," mwanamke akajibu, akapanda.

Boti ilipokwisha kushika maji ndipo Getnet akageuka. Ufukweni hakuona mtu. Mafunjo tu. Yalikuwa yakitikisika, mahali pamoja, na hapakuwa na upepo.

Walirudi Kebena, na sisi tukampongeza Yeshi kwa kupona koo. Alitusalimia mmoja mmoja kwa majina. Alijua chumvi ilipo na ufunguo wa stoo, na alimcheka Getnet palepale alipozoea kumcheka. Ila Jumatano, siku ya mfungo, alinunua nyama akaila mbichi amesimama jikoni, Yeshi yule ambaye hata akiugua hakuvunja mfungo. Kahawa aliinywa ikiwa bado inachemka. Hakuipuliza.

Getnet alijiambia ni uchovu. Kisha akapigiwa simu na mama mkwe wake, Emama Alganesh, kutoka Dessie.

"Getnet mwanangu, nani huyo anayepokea simu ya binti yangu?"

"Ni Yeshi, mama. Koo lake limepona."

"Koo si neno. Yeshi nikimpigia, huanza kuniuliza kama nimekula. Huyu ameniuliza kama niko peke yangu."

Getnet akaenda jikoni. Mwanamke alikuwa anamenya vitunguu, amempa mgongo. Getnet akamuuliza kwa sauti ndogo, "Wewe ni nani?"

Kisu hakikusimama. "Uliniita, nikaitika."

"Mke wangu yuko wapi?"

"Yule naye anakuita." Akageuka, akatabasamu, na macho hayakuwa na chozi hata moja la kitunguu. "Mbona wewe humwitiki?"

Alfajiri Getnet akaondoka kurudi kisiwani. Mwanamke alimfungia chakula cha njiani, akasimama mlangoni, akampungia mkono hadi gari likapinda kona. Emama Alganesh, aliyekwisha kuelezwa yote kwa simu, akakutana naye Bahir Dar. Mama yule alikuwa amevaa nguo nyeupe na hakumlaumu kwa neno lolote, na Getnet aliona heri angempiga.

Mtawa wa kisiwani, Abba Hiruy, aliwapokea kama mtu aliyekuwa akiwangoja. "Tunamsikia," akasema. "Adhuhuri, jua likiwa utosini. Huzunguka ndani. Tunafagia vumbi, na asubuhi tunakuta nyayo za mwanamke, peku, zinazunguka kanisa lote. Haziingii na hazitoki."

"Mbona hamkumwita?" Emama Alganesh akauliza.

Abba akatazama chini. "Jina lake tulilijua, mama. Alikuwa akilitaja mwenyewe, akilia. Tuliogopa kumwita."

Wakaingia adhuhuri. Getnet akashika kushoto, mama mkwe akashika kulia. Mtu akiwa ndani ya ujia ule angebanwa katikati, hana pa kwenda. Getnet akatembea. Akasikia hatua mbele yake, hatua za mguu mtupu, pap, pap, nyuma kidogo ya kona. Akakaza mwendo. Nazo zikakaza. Akasikia pumzi. Akasikia harufu ya mafuta ya nywele ya mkewe. Akakimbia.

Akagongana na Emama Alganesh.

Kati yao hapakuwa na mtu. Vumbini, pale walipogongana, palikuwa na unyayo mbichi. Kingo zake zilikuwa bado zinamomonyoka.

Mama hakuvumilia. "Yeshi!" akaita. "Yeshi mwanangu!"

"Abet!" Sauti ya kukwaruza, kutoka kulia.

"Abet!" Sauti laini, kutoka kushoto.

"Abet." Hii ya tatu ilikuwa karibu sana, upande wa ukuta wa picha.

Abba Hiruy akaingia mbio, akawaziba midomo kwa viganja vyake. "Nyamazeni!" akanong'ona. "Kwa jina la Maria, nyamazeni. Mkiita tena, mtaondoka na mwingine."

Walikaa hadi jua likazama. Waliupapasa ukuta kwa mikono, walipiga magoti, walisali hadi sauti zikakauka. Jina hawakulitaja tena. Upande wa pili wa kona alikuwapo mtu akilia kwa kwikwi, na hakuna aliyethubutu kumwambia hata pole, maana hakuna aliyejua ni yupi kati yao anayelia.

Huku Kebena, Getnet alipoeleza, nani angemwamini? Mkewe tulikuwa tunamwona. Wazee walikaa kikao, mwanamke akalia mbele yao kwa adabu, na wote wakamhurumia. Wakampeleka kwenye maji ya baraka. Alimwagiwa tangu kichwani, hakupiga kelele wala kutetemeka. Aliomba aongezewe ya kunywa. Kasisi akasema, "Huyu mzima. Mpelekeni mume." Getnet akacheka siku hiyo. Hatujamsikia akicheka tena.

Aliacha lifti. Sasa anaishi Bahir Dar, anatengeneza injini za boti, na kila akipata nafasi huvuka kwenda kukaa kwenye ngazi za kanisa la Abo. Haongei. Emama Alganesh naye alimfuata, akapanga chumba karibu na ziwa, na hakumaliza hata mwaka. Alikufa ameketi, ameelekea maji.

Yule mwanamke bado yuko hapa mtaani kwetu. Anafundisha shule ileile. Hutusalimia kila asubuhi kwa sauti yake nzuri, na watoto wanampenda. Mimi humwamkia kwa kichwa tu. Na nimeona wanawake wengi hapa Kebena wakifanya hivyohivyo, ingawa hatujawahi kuambiana kwa nini.

Mwaka huu, maua ya njano yalipotoka, Abba Hiruy alimtuma Ayalneh amlete Getnet haraka. Ayalneh ndiye aliyetusimulia alipokuja Addis kununua vipuri. Alisema Abba alikuwa amefunga milango yote miwili ya kanisa na hakumruhusu mtu kukanyaga ujia hadi Getnet afike.

Nyayo za Yeshi zilikuwapo kama siku zote, zikizunguka. Lakini kando yake, upande wa ukuta, zilikuwapo nyingine. Ndogo. Za mtoto anayejifunza kutembea, kisigino hakijakaa sawa, anayumba, anashika ukuta. Kwenye ukuta wenyewe, chini ya kwato za farasi wa Giorgis, palikuwa na alama za vidole vitano vidogo.

Getnet na Yeshi hawakuwahi kupata mtoto.

Getnet akapiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya unyayo mmoja. Uliingia wote ndani ya kiganja. Kisha akazifuata kwa mikono na magoti. Za mama zilipinda na ukuta, zikaendelea kuzunguka. Zile ndogo hazikupinda. Ziliachana na za mama, zikaenda moja kwa moja hadi kwenye mlango wa kushoto, na pale kizingitini zikasimama, vidole vikielekea nje.