Aliyejibu Ndani ya Mashine ya Ramani

Mashine ile haikuwa na njia ya kwenda popote, na bado ilijibiwa.

Fundi wa kompyuta wa ofisi ya wapima ardhi aliusoma mstari ule wa jibu kwenye kioo cha kompyuta mara tatu. Ofisini walimwita Kimya, na jina lilimkaa sawasawa, maana tangu afiwe na mkewe alikuwa hana maneno. Binti yake wa pekee, aliyeolewa nchi ya mbali, alimpigia kwa video kila Jumapili, na alichoambulia ni "ndiyo", "haya" na "jitunze". Simu ikikatika, baba mtu anabaki amekikodolea macho kioo, ana mengi kifuani na hajasema hata moja. Mara ya mwisho binti alimwambia, "Baba, kama nakusumbua niambie tu." Ilimchoma vibaya, akaishia kusema tena "jitunze".

Lakini mtu huyo huyo mpe mashine mbovu uone! Ataibembeleza, ataitukana, ataisimulia na ndoto alizoota. Mafundi ndivyo tulivyo.

Sasa kazi yenyewe. Ramani za zamani za ofisi zilifunguka kwa programu moja tu, kizee, iliyokataa kabisa kompyuta za kisasa. Kwa hiyo fundi aliyemtangulia Kimya alitengeneza kompyuta ndani ya kompyuta. Haina umbo, ni dirisha tu kwenye kioo, lakini inawashwa na kuzimwa na kufanya kazi kama mashine kamili. Aliiacha bila intaneti. Meneja mpya akataka ipate, ili wateja watumiwe ramani moja kwa moja. "Jumatatu niikute tayari," alisema, akaenda zake.

Jumamosi mchana, ofisi tupu, Kimya akaanza. Ukitaka kujua kama mashine imefika mtandaoni, unaiagiza iite mashine nyingine. Ikijibiwa, kioo kinaandika jibu limechukua muda gani. Akaita, wapi! Akabadilisha mipangilio, akaita tena, wapi! Mwisho akaiondoa kabisa kadi ya mtandao ya ile mashine ya ndani, ambayo nayo ni programu tu, ili aanze upya. Kabla hajaweka nyingine, kwa mazoea ya vidole, akaita.

Jibu likaja. Muda: sifuri.

"We! Umejibiwa na nani wewe?" akasema, akacheka peke yake.

Muda wa sifuri maana yake aliyejibu hayuko mbali. Kikapita chumbani kitu kama harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Mwenye akili zake angechukua mkoba akaondoka. Kimya akasogeza kiti karibu. Ukikaa mwaka mzima unarudi kwenye nyumba isiyo na wa kukuuliza umeshindaje, hata jibu la namna hiyo unalipokea kwa mikono miwili.

Akaita, likajibu. Akaanza kuongea. Alisimulia ugonjwa wa mkewe, alisimulia binti alivyokuwa mdogo, akasema yote ambayo angemwambia kama ulimi ungemtii. Kila akinyamaza, jibu moja linaingia, kama mtu anayesema ehe, endelea. Alilia, nao upweke ukampungua. Namhurumia mpaka leo.

Ilipofika saa kumi aliiwekea kadi mpya. Badala ya kuipitishia mtandao kwenye kompyuta iliyoibeba, akaipa anwani yake yenyewe, iingie mtandaoni kwa miguu yake. Intaneti ikawaka papo hapo. Ili ajaribu kama intaneti inabeba sauti na picha, akaingia humo kwa akaunti yake mwenyewe ya simu za video, ile ya kuongea na binti, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Sote tunajaribia vya kwetu, halafu tunasahau kutoka.

Kamera ikawaka, akajiona kwenye kioo, uso wake, shati lake, kiti chake, na akataka kuifunga lakini mkono ukawa mzito, kwa sababu yule wa kwenye kioo alikuwa anatabasamu na yeye hakuwa anatabasamu, na harufu ya udongo ikamjaa puani mpaka akaionja ulimini, na feni ya mashine ikawa inavuta na kutoa, inavuta na kutoa, pole pole, kwa mwendo ule ule wa pumzi yake, mpaka yeye alipoibana pumzi na feni ikaendelea peke yake.

Akatoka mbio, akampigia fundi wa zamani, mama mmoja mstaafu ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi. Alifika na kanga mabegani, akasimama mlangoni akinusa.

"Nani kakutuma uifungulie mtandao?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Meneja alitaka intaneti, Shangazi."

"Unadhani nilikuwa mjinga, kuiacha bila intaneti miaka yote ile? Hiki kitu nilikikuta kwenye mashine ya zamani, kikanishinda. Nikakihamishia humo, nikakifungia. Kinamjibu anayekiita. Umeongea nacho?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani, mwanangu?"

Kimya akainamisha kichwa. Shangazi hakumgombeza. Aliketi, akasoma dua midomo ikicheza bila sauti, akaifuta mashine ya ndani na nakala zake zote. Harufu ikaondoka. Feni ikatulia. Kimya akavuta pumzi, akasema asante mara nne.

"Mbona rahisi hivi?" Shangazi akajiuliza. Kisha akamgeukia. "Humo ndani uliingia kwa akaunti ya nani?"

Kimya akatoa simu yake. Ilikuwa imeandika kwamba akaunti yake inatumika kwenye kifaa kingine. Alijaribu kuingia, ikamkataa. Shangazi akampa simu yake mwenyewe. "Mpigie mwanao. Sasa hivi."

Iliita sana.

"Halo? Nani mwenzangu?"

"Mwanangu, ni mimi, baba yako."

"Samahani, umekosea namba. Baba yangu niko naye kwenye video hapa." Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Tangu mama afariki, leo ndiyo anaongea na mimi."

"Sikiliza. Hunisumbui. Hujawahi kunisumbua hata siku moja."

Sauti ya binti ikajaa hofu. "Hayo kaniambia sasa hivi. Wewe umeyasikia wapi? Unatusikiliza?"

Nyuma yake, sauti ya Kimya mwenyewe, changamfu, yenye maneno tele, ikasema, "Kata, mama. Watu wa hivyo usiwajibu."

Akakata. Shangazi alipiga tena mara mbili, lakini namba yake ilikuwa imeshafungiwa.