Bibi Fundi Apanda Basi

Bibi Fundi alishona nguo za watu kwa miaka arobaini. Alijua mabega ya kila jirani na kiuno cha kila bibi harusi. Kisha goti lake la kushoto likaanza kuuma. Kukanyaga cherehani kukamshinda, akafunga duka.

Binti yake alikuwa akiishi nchi ya mbali na mtoto wake wa kike wa miaka minne. Alifanya kazi ya kufua mashuka katika hospitali kubwa. Siku moja alipiga simu.

"Mama, njoo ukae nami mwaka mzima. Nisaidie kulea. Peke yangu nimeelemewa."

Bibi Fundi hakusubiri kubembelezwa. Alifunga mizigo, akashika mkongojo wa marehemu mumewe, akapanda ndege.

Nyumba ya binti ilikuwa ghorofa ya pili, haina lifti. Kutoka mlangoni hadi barabarani kulikuwa na vidato ishirini na nane. Bibi Fundi alivihesabu siku ya kwanza, akivipanda huku amemshika binti yake shingoni. Baada ya hapo hakutoka tena. Aliosha vyombo, akatengeneza vifungo vya makoti yote ya nyumba ile, kisha akakaa dirishani kutazama mabasi ya kijani yakipita.

Kila siku saa tisa kasoro, binti alitoka kazini mbio. Alimchukua mtoto chekechea, akamleta nyumbani, akarudi kazini akihema. Jioni moja aliingia, akakaa bila kuvua viatu.

"Kuna nini?" Bibi Fundi akauliza.

"Msimamizi amechoka nami, Mama. Amenipa mwezi mmoja nijipange. Nikiendelea kutoka katikati ya kazi, nitafute kazi nyingine."

Bibi Fundi akamletea maji ya kunywa. Alikuja kusaidia, na sasa alijiona kama mzigo wa pili juu ya kichwa cha mwanawe.

Kesho yake, binti alipokwenda kazini, Bibi Fundi alivaa viatu. Alitaka kujaribu, afike barabarani tu. Akashika mkongojo kwa mkono wa kushoto, upande wa goti bovu, kama alivyozoea. Akaanza kushuka, mguu wa kulia mbele. Kidato cha sita, goti la kushoto likalegea. Akaketi puu! Mkongojo ukamponyoka, ukashuka ngazi wenyewe, ko, ko, ko, mpaka ukagonga mlango wa chini.

Mlango ukafunguliwa. "Nani anabisha hodi kwa fimbo?" sauti ikauliza. Kisha mwenyewe akatokea, mama mnene mwenye miwani. Alikuwa mtu wa kwao, aliyehamia huko zamani. Jengo zima lilimwita Mama wa Chini.

"Dada! Umeumia?"

"Nimeumia heshima tu," Bibi Fundi akajibu. Akajaribu kuinuka.

"Tulia kwanza. Usiinuke. Chezesha vidole vya miguu. Nyonga haiumi? Kichwa hukugonga? Haya, shika kishikio cha ngazi, tuinuke taratibu."

Mama wa Chini alikuwa amefanya kazi miaka ishirini katika wodi ya mifupa, akiwafundisha wagonjwa kutembea upya. Alimkaribisha ndani, akampa chai. Kisha akamsimamisha mbele ya kioo na mkongojo wake.

"Huu mkongojo ni wa nani?"

"Wa mume wangu, Mungu amrehemu."

"Alikuwa mrefu?"

"Mrefu kama mlango."

"Ndiyo maana bega lako limepanda juu namna hiyo. Wewe fundi mzima! Watu wote umewapima, mwenyewe hujajipima?"

Bibi Fundi akacheka. Mama wa Chini akaendelea: "Vaa viatu unavyotembelea. Simama wima, mkono uning'inie. Kichwa cha mkongojo kinatakiwa kifike hapa, kwenye kifundo cha mkono. Wako umezidi vidole vinne. Halafu umeushika upande mbaya. Goti bovu ni la kushoto, mkongojo ushike kwa mkono wa kulia."

"Mbali na goti? Litasaidiwa vipi?"

"Mguu mbovu na mkongojo vinakwenda mbele pamoja. Uzito unagawanyika pande mbili. Jaribu."

Bibi Fundi akajaribu, kutoka kwenye kioo hadi jikoni. Akageuka, macho yamemtoka. "Kumbe!"

Lakini jioni binti alipowakuta pamoja na kusikia habari ile, aliwaka hasira.

"Mama, ungevunjika! Nani angekuokota? Hutoki tena humu ndani."

"Mwanangu," Mama wa Chini akasema, "goti lisilotembea linakakamaa. Mpeleke kwa daktari kwanza, alitazame. Akiruhusu, niachie mimi."

Daktari alilitazama goti, akasema hakuna kilichovunjika. Atembee kidogo kidogo kila siku, asijilazimishe.

Ikabaki kazi ya kukata mkongojo. Bibi Fundi alikaa nao mapajani asubuhi nzima. Mama wa Chini alipoleta msumeno, alisema, "Kama unaona uchungu, tutafute mwingine."

"Hapana," Bibi Fundi akajibu. "Suruali zake nilizirefusha miaka thelathini. Na yeye anivumilie nimfupishie fimbo." Akauchora kwa chaki, wakaukata, wakauvisha mpira mpya chini usiteleze.

Wakaanza na ngazi. "Ukipanda, tangulia na mguu mzima," Mama wa Chini alisema. "Ukishuka, tangulia na mkongojo na mguu mbovu. Mkono mwingine haubanduki kwenye kishikio." Siku za kwanza Bibi Fundi alikosea, akasimama katikati ya ngazi na kutukana goti lake. Siku ya tano alishuka vidato vyote bila kukosea.

Kisha wakatoka nje. Chekechea ilikuwa mbali kwa miguu, lakini vituo vinne tu kwa basi. Kutoka nyumbani hadi kituoni kulikuwa na mabenchi mawili.

"Usiseme ni mbali," Mama wa Chini alimwambia. "Sema, naenda mpaka benchi la kwanza. Ukifika, pumzika kabla goti halijalalamika."

Binti naye akashika kalamu. Aliandika kadi kwa lugha ya nchi ile: jina la mama yake, anwani, namba ya simu, na maneno haya: "Natembea kwa shida. Tafadhali inamisha basi." Mabasi yale yaliweza kuinama upande mmoja, mlango ukashuka karibu na njia ya miguu. Bibi Fundi alishona kimkoba cha kuvaa begani, aweke kadi na simu, mikono yote ibaki huru.

Sentensi moja alifundishwa aiseme mwenyewe kwa lugha ile: "Nisubiri nikae." Siku ya kwanza alipanda, akamwambia dereva kwa sauti. Dereva akaangua kicheko. Mama wa Chini alicheka mpaka akavua miwani.

"Umemwambia akusubiri ulale!"

"Basi na asubiri," Bibi Fundi akasema, akijikalisha kiti cha mbele. "Kiti chenyewe laini."

Walirudia safari ile mara saba. Ya nane, Mama wa Chini alibaki kituoni akimpungia mkono. Binti akaandika barua chekechea kwamba bibi ameruhusiwa kumchukua mtoto. Mwezi wa msimamizi ulikuwa umebakiza siku tatu.

Siku hiyo Bibi Fundi alikwenda peke yake kumchukua mtoto, na binti alifanya kazi hadi mwisho wa zamu, kwa mara ya kwanza tangu ahamie huko. Alikunja mashuka, huku akitazama simu kila mara. Simu haikulia. Alipotoka alipanda basi la kijani, akakaa nyuma kabisa.

Karibu na chekechea kulikuwa na bustani. Basi likasimama pale, likainama. Binti akanyoosha shingo. Akaona mpira wa mkongojo ukigusa sakafu ya basi, kisha mguu, kisha mama yake mzima. Nyuma yake alikuwa mtoto, ameshika kamba ya mkoba wa bibi yake, kinywa kimejaa habari za bembea. Walikuwa wamecheza bustanini tangu saa tisa. Dereva alisubiri. Abiria walisubiri. Bibi Fundi alikaa, akamweka mjukuu pembeni, akamwashiria dereva kwa kichwa kwamba sasa anaweza kwenda.

Binti akafuta macho kwa kiganja. Kisha akainuka, akaanza kwenda mbele, akiyumba huku na huku.

"Mama huyo!" mtoto akapiga kelele.

Bibi Fundi akageuka. Akamwona mwanawe amesimama katikati ya basi, hajashika popote.

"We mtoto, kaa chini!" akamwambia. "Huoni basi linakwenda? Utaanguka!"