Laini Ndani ya Leso

Kila Jumanne Kathini hubeba jembe lake na kwenda kuchimba matuta na wanawake wenzake. Kikundi chao ni cha mwethya, yaani cha kusaidiana kazi kwa zamu. Leo wanachimba kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Wako kumi na wawili. Milima ya Kilungu ni mikali, na shamba lisilo na matuta huteremka na mvua mpaka barabarani.

Hata salio la simu walilinunua kwa mwethya. Kwa miaka minne, aliyetaka salio alimpa Kathini pesa. Kathini alinunua kwa laini yake, kisha akamtumia. Walifanya hivyo kwa sababu kampuni ya simu ilimpa pointi kila anayenunua salio. Pointi elfu tisa zilitosha kupata simu kubwa ya kupiga picha. Walitaka simu hiyo ili wanunuzi waone avokado zao bila kupanda mlima. Sasa walikuwa na elfu saba na mia nne.

Jumanne moja ujumbe uliingia kwa simu ya Kathini, tena kwa Kiingereza. Ndululu, aliyefika darasa la nane, aliusoma akiegemea jembe.

"Wanasema mpango wa pointi unaisha. Mwisho ni Ijumaa jioni."

"Unaisha unaenda wapi?" Mbithe aliuliza.

"Hawajasema."

"Basi laini zinafungwa."

"Mimi nimesikia ni kodi," mwingine akasema.

"Kodi ya pointi?"

"Hao watu wa kodi wanaweza kushindwa na nini?"

Mbinya alimtazama Kathini. "Au zimeisha zamani, Mama Kisilu? Umekula pointi zetu, sasa unasingizia kampuni."

Wote walicheka, isipokuwa Kathini. Yeye ndiye aliyechaguliwa kuzitunza. Wangemwitaje Ijumaa ikipita na pointi hazipo?

Alipofika nyumbani aliwaza sana, na kila wazo lilimchanganya zaidi. Mwishowe alitoa laini ndani ya simu, akaifunga kwenye pindo la leso yake, mafundo mawili. Alijiambia kwamba kampuni isipompata hewani, haitaweza kuzichukua.

Alhamisi alienda kununua chumvi kwa Mukami, mwenye duka la simu na vitu vya nyumbani pale njia panda.

"Mwaitu," Mukami alisema, akimwita mama kwa Kikamba kama alivyozoea, "umepotelea wapi? Mnunuzi wa avokado kutoka Kibwezi amekupigia siku mbili. Mwishowe amenipigia mimi."

Kathini aliangalia nyuma yake, kisha akaonyesha fundo la leso. "Nimeficha laini. Wasichukue pointi."

Mukami aliuma mdomo asicheke. "Mwaitu, pointi hazikai ndani ya laini. Ziko kwa mashine za kampuni. Hata ukiizika chini ya mwembe, Ijumaa jioni zitafutwa."

"Lakini ni zetu. Tumezitafuta miaka minne."

"Ukinunua nyanya sokoni, unaongezewa moja?"

"Naongezewa."

"Ukimwambia mama wa nyanya akuwekee hiyo nyongeza mpaka mwaka ujao?"

Kathini alifikiri. "Itaoza. Au atahama."

"Sasa hiyo ndiyo pointi. Ni nyongeza, si akiba. Anayeitoa anaweza kuacha. Lakini kabla ya Ijumaa jioni, bado ni yenu."

Mukami alipiga namba ya huduma kwa wateja iliyoandikwa kwenye kadi ya laini. Walijibiwa kwamba ujumbe ni wa kweli. Laini hazifungwi, na pesa zilizo kwenye simu haziguswi. Simu za zawadi zilikuwa zimekwisha, lakini pointi zingeweza kubadilishwa kuwa dakika za kupiga simu.

"Na mtu akikupigia akuombe namba ya siri ili akuokolee pointi," Mukami alisema, "huyo ni mwizi. Kata simu."

"Tubadilishe sasa?" Kathini aliuliza.

"Ni wewe kusema."

Kathini alikumbuka maneno ya Mbinya. "Hapana. Wenzangu waone kwa macho yao."

Ijumaa asubuhi wanawake kumi na wawili walijaa mlangoni kwa Mukami. Kathini alifungua mafundo yote mawili na kurudisha laini. Mukami alibonyeza, kisha akampa Mbinya simu.

"Soma wewe," Kathini alimwambia.

Mbinya alisoma polepole. "Elfu saba... na mia nne." Alikohoa. "Mimi nilikuwa natania tu, Mama Kisilu."

"Nimesikia. Rudisha simu."

Walizibadilisha zote. Kwa dakika za kwanza Kathini alimpigia mnunuzi wa Kibwezi. Jumatatu gari lake lilifika njia panda, likaondoka na avokado zao kabla hazijalainika.

Tangu siku hiyo kila mmoja hujinunulia salio, na nyongeza ikija, huitumia mapema. Nia ya kupata simu kubwa hawakuiacha. Walichimba matuta ya mashamba matatu ya watu wengine kwa malipo, na mwezi wa nne wakainunua simu hiyo sokoni Mukuyuni.

Mpaka leo Mbithe huuliza, "Lakini ule mpango wa pointi ulienda wapi?" Kathini huinua ile simu, akaipangusa kwa pindo la leso, na kuwaambia wasimame karibu na avokado awapige picha.